Sista na Mkono Wangu wa Kushoto

Watu wengi wakimkumbuka Sista huanza na viatu vyake. Vilikuwa vyeupe, vya ngozi, na alivipaka chaki kila Jumapili akitoka kanisani, hata vikawa vinaacha alama sakafuni mahali alipokuwa amesimama kukugombeza. Mimi naanza na mikono yake, kwa sababu ndiyo iliyonipiga.

Ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake, kucha zimekatwa hadi kwenye nyama, na ilinuka sabuni ya kipande hata siku ambazo hakuwa kazini. Alikuwa msimamizi wa wauguzi wa thieta, ndivyo tulivyokiita chumba cha upasuaji, katika hospitali moja mjini Kitui. Nilifika hapo nikiwa muuguzi mpya, mwembamba, nimetoka kwetu Mbumbuni na sanduku la bati. Masista wengine walikuwapo, wa wodi ya watoto, wa wodi ya wazazi, lakini ukisema Sista bila kuongeza neno, hata mlinzi wa lango alijua ni yupi. Nitamwita hivyo hivyo hapa. Jina lake analo, abaki nalo.

Niseme mapema kwamba simwandiki kwa upendo. Kwa miaka mingi nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Nilitaka aseme kwa kinywa chake kwamba alinikosea, na aseme akijua anamwambia nani. Mchungaji wetu alipohubiri msamaha, mimi nilikuwa naangalia saa.

Misemo alikuwa nayo, na yote ilikuwa ya kukufunga mdomo. Ukikimbia kwenye korido: "Kisu hakina haraka, mwenye haraka ni wewe." Ukisema umechoka: "Mgonjwa amelala kwa niaba yetu sote." Ukitoa kisingizio hakukujibu kabisa, alikutazama viatu mpaka ukaviangalia na wewe. Daktari mmoja aliyekuwa na mazoea ya kutukana akiwa na kisu mkononi aliambiwa mbele yetu, "Daktari, hapa kuna mtu amelala. Sema maneno yako nje, ukimaliza urudi umshone." Alitoka nje kweli. Alirudi akiwa mpole.

Hesabu ndiyo iliyokuwa dini yake ya pili. Kabla ya upasuaji vitambaa vya kufyonzea damu vinahesabiwa, na kabla ya kushona vinahesabiwa tena, kisibaki hata kimoja tumboni. Kila mtu alihesabu kwa Kiingereza. Sista alihesabu kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayehesabu mbuzi wake jioni: ĩmwe, ilĩ, itatũ. Alisema Kiingereza kinateleza mdomoni, unaweza kuruka namba na usijue. Siku moja kitambaa kimoja kilikosekana na daktari akasema ni makosa ya kuhesabu, apewe uzi afunge. Sista akaufunika uzi kwa kiganja chake kikubwa na kusema, "Hesabu haijatimia." Walibishana mpaka daktari wa usingizi akaanza kuomba kwa sauti. Kitambaa kilipatikana chini ya ini, kimejikunja. Mama yule alikuwa wa Mwingi, na nadhani hadi leo hajui alivyonusurika. Sista hakujisifu. Asubuhi yake alimkemea mfagiaji kwa kuacha maji sakafuni, kana kwamba jana haikuwapo.

Basi unaona tabu yangu. Ingekuwa rahisi kumchukia mtu asiyejua kazi.

Na wagonjwa aliwapenda, sitamnyima hilo. Siku hizo mama akitolewa kizazi alichanwa kuanzia karibu na kitovu kushuka chini, na akiamka, adui yake mkubwa alikuwa kikohozi. Akikohoa alihisi anapasuka upya. Sista alikuwa akishona mito midogo kutokana na shuka zilizochanika, anaijaza pamba, na kumpa kila mama mto mmoja aukumbatie kidondani. "Kohoa, mwanangu. Shika mto, kohoa." Alisimama nao mmoja mmoja, baada ya saa zake za kazi, akiwashika mgongo. Wengine walilala wiki nzima na zaidi. Wengine kidonda kilifunguka na kuanza kutoa usaha, na yeye ndiye aliyekisafisha, na kuwafukuza ndugu waliokuja na maneno ya kurogwa. Kisha Jumapili alienda kanisani kuimba kwenye kwaya, sauti ya tatu ambayo kwenye wimbo haikuwepo, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sindano aliiogopa. Hilo wachache wanalijua. Tulipochanjwa homa ya ini alijificha stoo, na tulimkuta amekaa juu ya katoni za glavu akijifanya anazihesabu.

Sasa mkono wangu. Mimi ni mashoto. Mama yangu alijaribu kunibadilisha kwa mwiko, mwalimu wa darasa la kwanza alijaribu kwa fimbo, na wote walichoka. Nilipofika thieta, siku yangu ya kwanza, nilimpa Sista mkasi kwa mkono wa kushoto. Hakuupokea. Aliutazama kama nimempa panya.

"Huo ni mkono wa nini?"

"Ni wa kushoto, Sista."

"Najua ni wa kushoto, mimi si kipofu. Nauliza ni wa nini. Huo ni wa kuoshea. Hapa hatuoshi, tunapokezana."

Kisha akaunyakua mkasi wenyewe, akanipiga nao vidoleni, upande wa mpini. Kwetu kumpa mkubwa kitu kwa kushoto ni utovu wa adabu, hilo nalijua, na nyumbani chai ya wageni nilijifunza kuitoa kwa kulia. Lakini mkasi si chai. Katika thieta kitu lazima kifike kwenye kiganja cha daktari haraka, kikiwa kimeelekea sawa, bila yeye kugeuza macho, na mkono wangu pekee uliojua kufanya hivyo ulikuwa huo.

Kwa wiki tatu alinifunga mkono wa kushoto mgongoni kwa bendeji, kila asubuhi, kwenye chumba cha kuchemshia vyombo. Nilipokezana vyombo na kiti. Kiti kilikuwa ndicho daktari. Wenzangu walipita wakicheka, na mmoja alikisalimia kiti, "Shikamoo, Daktari." Bendeji ilinichubua. Usiku nilishindwa kulalia upande ule. Wiki ya nne alinifungua na kuniingiza kwenye upasuaji, kwa amri kwamba nikitumia kushoto nisirudi.

Nilitumia kulia. Katikati ya kazi, koleo dogo la kubania mishipa ya damu liliniponyoka na kuanguka sakafuni. Sauti yake hata sasa naisikia. Hakuna aliyeumia, lilikuwapo lingine. Sista hakupandisha sauti.

"Mashoto, toka. Huyu mama ana watoto wanamngoja."

Nilitoka. Kesho yake kwenye faili langu kulikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wake mzuri ulioinama: hafai chumba cha upasuaji. Mstari huo ulinishinda nguvu kwa miaka sita. Kila nilipoomba kurudi thieta, Kitui au Makueni, mtu alifungua faili, akasoma, na kulifunga. Nilibadilisha shuka. Niliogesha wagonjwa. Nilimpita Sista kwenye korido na kumwamkia, na yeye akaitikia kwa adabu zote, na mimi nikaendelea na beseni langu nikimtakia mabaya kwa utaratibu, kiungo kwa kiungo.

Alistaafu akarudi kijijini kwao, Tulia. Hatukuagana.

Nilivyotoka kwenye beseni ni hadithi fupi. Hospitali moja Nairobi ilikuwa inatafuta wauguzi wa kufundishwa kazi mpya, upasuaji wa roboti, na aliyenihoji ama hakusoma faili langu ama alisoma akapuuza. Daktari aliyetufundisha aliniona nikifunga fundo. Akaniuliza, "Wewe ni mashoto?" Niliuficha mkono mgongoni. Akasema, "Njoo ukae hapa." Hapa palikuwa kando ya mgonjwa, kati ya mkono mmoja wa mashine na upande wa kichwani, mahali ambapo mtu wa mkono wa kulia anagongana na vyuma kila dakika. Mkono wangu wa kushoto ulipita pale bila shida. Niliingia msalani nikalia, na nilipokuwa nalia nilikuwa namwambia Sista maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Watu wanadhani roboti inapasua yenyewe. Hapana. Daktari anakaa kwenye kiti chake pembeni mwa chumba, macho ameyatia kwenye kioo kinachomwonyesha ndani ya tumbo kwa ukaribu na kina kuliko macho ya kawaida, na mikono yake imeshika vishikio. Anachofanya kwa vidole, mikono ya mashine inafanya ndani ya mgonjwa, midogo sana, bila kutetemeka, na kifundo cha kila mkono kinazunguka kuliko cha binadamu. Sisi wa kando tunabadilisha vyombo, tunafyonza damu, ambayo mara nyingi ni kidogo, na tunashona vitundu mwishoni. Vitundu vyenyewe ni vya upana wa kidole kidogo. Si tiba ya kila mtu wala kila ugonjwa, na bado ni wachache wanaoifikia. Lakini nimemwona mama wa Makindu, muuza vitunguu kando ya barabara kuu, akitolewa kizazi kilichojaa uvimbe Jumatatu, na Jumatano akavaa viatu vyake mwenyewe na kuuliza gari liko wapi. Nilikumbuka ile mito ya Sista.

Wazee wa kwetu wana maswali yao. Bibi mmoja aliniita kando usiku wa kuamkia upasuaji. "Mwiitu, binti yangu, hiyo loboti imeokoka?" Nikamwambia daktari anayeiendesha ni mshirika wa kanisa. "Na stima ikipotea?" Nikamwambia ina betri. Hilo la betri lilimtuliza kuliko la kanisa.

Kisha siku moja mwaka huu nilisoma orodha ya wagonjwa wa kesho nikaona jina la Sista. Saratani ya kizazi, imewahiwa mapema. Zamu ya kukaa kando ya mgonjwa ilikuwa yangu. Ningeweza kumwomba mwenzangu tubadilishane, na ndivyo inavyopasa ukiwa na neno na mgonjwa. Sikumwomba.

Aliletwa asubuhi kwenye kitanda cha magurudumu, amepungua, nywele zote nyeupe chini ya kofia ya karatasi. Hata hivyo alikuwa anakagua. Aliangalia taa, akaangalia sakafu. Akamuuliza daktari wa usingizi, "Nani atakaa mezani?" Hakuuliza nani ataendesha mashine. Aliuliza kama mtu wa kazi, anajua mkono ulio karibu na wewe ni wa nani.

Nikainama sikioni pake na kuteremsha barakoa.

"Sista, ni mimi. Mashoto. Leo nitakaa hapa kichwani pako, na mkono ni ule ule."

Aliniangalia. Alinijua mara moja, niliona. Vile vidole vyake vikubwa vikashika ukingo wa meza. Mashine ya moyo ikaanza kulia haraka.

"Mama, presha inapanda," daktari wa usingizi akasema. "Una wasiwasi?"

"Sina. Endelea."

Akalala macho yakiwa kwangu, na alilala akiogopa. Nilifurahi. Sitadanganya mtu, nilifurahi. Aibu ilikuja baadaye, na haikuja yote.

Kazi niliifanya vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya. Hilo pia lilikuwa la kisasi. Nilitaka asipate pa kunishikia. Sikuangusha kitu, sikuchelewa hata mara moja, na daktari kwenye kiti chake alisema "asante" mara nyingi mpaka akaacha. Vitundu vitano nilivishona mimi, polepole, fundo baada ya fundo.

Wodini sikwenda. Nilisimuliwa na wenzangu. Walisema aliamka, akafunua shuka, akahesabu plasta, kisha akamwita muuguzi kwa hasira. "Tano tu? Hawa wamenifanyia kweli, ama wamenidanganya?" Kesho yake asubuhi alisimama, akaenda choo mwenyewe, akakohoa kwa makusudi, mara mbili, mkono juu ya tumbo, akingoja maumivu. Yalipokuja madogo alikaa kitandani mpaka chai ikapoa. Sindano ya maumivu aliikataa, na wenzangu walidhani ni ushujaa. Siku iliyofuata alienda nyumbani.

Wiki tatu baadaye, mkaza mwanawe alinipigia simu. Alisema Sista ameagiza mashoto aje Tulia.

Nilienda. Nilichukua siku yangu ya mapumziko na nikajipanga njia nzima. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua pojo kwenye ungo. Hakuwa na mkongojo. Alisimama kunipokea, akasimama vizuri, bila kujishika kokote.

"Wĩ mũseo?"

"Nĩ mũseo, Sista."

"Keti. Hii pojo ina mawe, lakini tutakunywa chai kwanza."

Mkaza mwanawe alileta chai na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kisha akaondoka kwenda kuteka maji. Sista alininyooshea kikombe. Nilikipokea kwa mkono wa kushoto, nikimtazama. Akaona.

Baada ya muda akasema, "Kabla hizi nyuzi zitolewe kule zahanati, niliziangalia na kioo. Zote zimelalia upande ule mwingine. Mtu wa kulia hawezi shona hivi. Nikajua ni wewe umenifunga."

"Ni mimi."

"Ni kazi safi. Nimeonyesha wamama wa kanisa."

Miaka yote ile nilidhani sifa yake ingetosha. Ilinipita tu, kama mtu anayekusalimia njiani akikudhania mwingine.

"Sista," nikasema, "sijakuja kusifiwa. Nimekuja uniambie. Ulinikosea ama hukunikosea?"

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitupa. Alianza na wakati ule: madaktari wa siku hizo, adabu ya siku hizo, yeye pia alivyofundishwa kwa kupigwa. Nilimwacha amalize. Alipomaliza nilifanya alivyonifundisha yeye. Nikamtazama viatu.

Mwishowe akauweka ungo chini.

"Ile siku koleo ilianguka," akasema, "ilianguka kutoka kwa mkono wa kulia. Nilikuwa nimesimama hapo. Niliona. Wa kushoto haungeiangusha, na nilijua hivyo hiyo siku hiyo hiyo, kabla haijafika chini. Lakini nilikuwa nimekufunga wiki tatu. Kila mtu aliona nikikufunga. Ningerudi nyuma aje? Nikaandika ile kitu kwa faili." Akavuta pumzi. "Nilikukosea, mwanangu. Nilikukosea nikijua."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka yote ile, na lilikuja na lingine ambalo sikulitarajia. Nikijua. Miaka sita ya beseni, na alikuwa anajua, akiniitikia salamu kwa adabu zake zote kwenye korido. Kama angesema hakujua, labda ningelainika. Nilihisi hasira yangu ikikaa chini na kujinyoosha, imefika nyumbani.

"Na pale mezani," akaendelea, "uliniambia yale nikiwa nimelala chali. Niliogopa sana. Nilifikiri sitaamka."

"Nilitaka uogope."

"Najua. Hiyo nimeiacha. Sina neno na wewe."

Akaniangalia. Huku kwetu mtu akikiri kosa, kuna neno linalofuata, kila mtoto wa shule ya Jumapili analijua, na ukilichelewesha hata kuku wanageuka kukutazama. Alikuwa analingoja. Uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo sikuwahi kuuona, na haukuwa mbaya.

"Nimesikia," nikasema.

"Umesikia."

"Nimesikia, Sista."

Nilimaliza chai yangu. Muthokoi niliula wote, ulikuwa mtamu. Tukaongea kidogo kuhusu mvua na kuhusu pojo. Nilipoinuka aliinuka na yeye, akasema atanisindikiza. Nilimwambia asijisumbue, mlima ule ni mkali.

"Nitakuja. Siumwi."

Tukapanda. Mama aliyechanwa kwa kisu cha zamani, wiki ya tatu, angefika mlangoni akakaa. Yeye alipanda nami hadi juu barabarani, anahema kama mzee yeyote na si zaidi, na kila tulipopunguza mwendo aligeuza uso wake kwangu kidogo, kisha akaurudisha mbele. Nilizungumza habari za barabara. Pikipiki ilikuja, nikaisimamisha.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimesema langu. Sijasikia lako."

"Nimesikia lako, Sista."

Alifikiri hilo. Akavuta leso yake, akaifunga vizuri kiunoni, juu ya vile vitundu vyangu vitano.

"Basi nitangoja," akasema. "Si mmenipa miaka?"

"Ngoja," nikamwambia, nikapanda pikipiki.